Jurassic World: ipi uanze kununua ukiwa Lindi au Mtwara

Kama mfuko unaruhusu filamu moja tu kati ya zile nne za Jurassic World, nunua Rebirth ya 2025. Ukiwa na pesa ya mbili, ongeza ile ya 2015. Ya 2018 ichukue ukipunguziwa bei, na ya 2022 azima tu kwa jirani. Huo ndio mpangilio wangu, na najua wapo watakaonijia juu, kuanzia vijiwe vya hapa Lindi hadi Mtwara, maana kwenye muvi za dinosaria kila mtu ni profesa.

Kipimo changu ni kimoja tu. Nimekua na ile ya kwanza, Jurassic Park ya 1993 ya Steven Spielberg, enzi za kanda na deki. Kilichonishika mle ni kwamba dinosaria walikuwa wanyama kweli. Wanakula, wanaugua, wanapiga chafya. Yule triceratops, dinosaria mwenye pembe tatu, amelala ubavu, anahema kwa shida, na daktari wa mimea anazamisha mikono yote miwili kwenye lundo la kinyesi ili ajue mnyama amekula nini. Filamu nzima ina dakika 127, na dinosaria wenyewe wanaonekana kama robo saa tu. Muda uliobaki unawasubiri, na kule kusubiri ndiko kunakokukaza roho. Kwa hiyo kila filamu mpya naiuliza swali hilohilo: humu kuna mnyama, au kuna zimwi la kompyuta linalokimbiza watu?

Mtu wa Lindi ana sababu ya ziada ya kuwa mkali hapo. Yule mjusi wetu aliyeko Berlin, ambaye kila baada ya muda anazua maswali bungeni, alichimbwa Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji huu, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba mifupa vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi, na jumla yake ilipita tani 200. Amesimamishwa makumbusho tangu 1937, kimo chake zaidi ya meta 13. Huyo wetu aliitwa brachiosaurus. Sasa, brachiosaurus wa kwanza kupewa jina hilo alitoka Marekani, lakini alipatikana bila kichwa. Ile sura ambayo dunia nzima imeizoea, shingo ndefu na pua iliyopanda hadi kwenye paji la uso, kwa sehemu kubwa imetokana na mifupa ya Tendaguru, hata kama siku hizi wataalamu wamempa huyu wa kwetu jina lake mwenyewe, Giraffatitan. Kwa hiyo brachiosaurus wa filamu ya 1993 anaposimama kwa miguu ya nyuma kufuata majani ya juu, na wale wageni wanabaki midomo wazi, sisi tuna haki ya kukaa kiti cha mbele.

Haya, tuanze na Rebirth. Imeongozwa na Gareth Edwards, na hadithi imeandikwa na David Koepp, aliyeshiriki kuandika ile ya 1993, na inaonekana. Scarlett Johansson na wenzake wanatumwa kisiwani kuchukua damu ya wanyama watatu wakubwa kabisa, wa majini, wa nchi kavu na wa angani, ili itengenezwe dawa ya moyo. Kazi inaeleweka, kisiwa kinatisha, na mwongozaji anajua kumficha mnyama. Kuna kipande familia inateremka mto kwa boti la mpira huku T. rex, yule dinosaria mkubwa mla nyama, amelala ukingoni. Kipande hicho kimetoka kwenye riwaya ya Michael Crichton ya 1990, na sisi tuliosoma kitabu tulikisubiri miaka yote hiyo. Na kuna titanosaurus wawili wanaozungushiana shingo kwenye nyasi ndefu, hawana habari na binadamu yeyote. Hapo nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Kasoro zipo: lile zimwi la mwisho lenye miguu sita ni la kulazimisha, na maabara yote mwanzoni inaponzwa na karatasi ya chokoleti, jambo ambalo bado nalicheka. Lakini thamani ya pesa unaipata.

Ya pili ni Jurassic World yenyewe, ya 2015, ya Colin Trevorrow. Hapa bustani ya dinosaria imefunguliwa kweli, watu zaidi ya elfu ishirini ndani, watoto wanapanda triceratops wadogo kama punda. Wazo zuri kabisa. Halafu akaletwa Indominus, dinosaria wa kutengenezwa maabara kwa sababu watazamaji wamechoka na wale wa kawaida. Filamu inawasema watu wa namna hiyo, kisha inawauzia hichohicho. Lakini ina apatosaurus anayekufa mikononi mwa Chris Pratt, na kichwa kile na shingo ile vilitengenezwa vya kushikika, si vya kompyuta, na tofauti unaiona machoni. Kwa wapenzi wa picha za Kihindi, tajiri mwenye bustani ni marehemu Irrfan Khan. Anarusha helikopta yake mwenyewe na anaifanya kila sehemu aliyomo ipendeze.

Fallen Kingdom ya 2018 ni filamu mbili zilizoshonwa pamoja. Nusu ya kwanza volkano inalipuka kisiwani na wanyama wanahamishwa. Nusu ya pili ni mnada ndani ya jumba la kifahari, na hapo unaweza kwenda kuchota maji na kurudi bila hasara. Ila kuna kile kipande cha gatini. Meli imeshaondoka, moshi na majivu yanafunika kila kitu, na brachiosaurus mmoja amebaki nchi kavu, anaita. Kisha anainuka kwa miguu ya nyuma, kivuli tu ndani ya moshi, vilevile kama alivyoinuka 1993. Watoto wa kaka yangu walilia, na mimi sikuwa na la kuwaambia. Kwa kipande hicho peke yake naiweka ya tatu, japo kuna siku nataka kuipandisha.

Dominion ya 2022 iliahidi kitu kikubwa: dinosaria wamesambaa duniani, wanaishi na sisi. Ukaletewa nzige. Nzige wakubwa wa maabara wanaokula mazao. Mkulima wa Nachingwea anaweza kuona hilo ndilo tishio la kweli, na simlaumu, ila mimi nililipia dinosaria. Imewarudisha Sam Neill, Laura Dern na Jeff Goldblum, waigizaji wa ile ya 1993, kisha ikawapa kazi ndogo. Ukilazimika kuinunua, ulizia toleo refu lenye kama dakika 14 zaidi, kwa sababu linaanza na wanyama wenyewe katika zama zao, na mwanzo huo ni bora kuliko mengi yanayofuata.

Zile tatu za zamani sizipangi. Ya 1993 ni lazima uwe nayo, ya 1997 ina T. rex wawili na lile gari linaloning'inia juu ya korongo, ya 2001 ni ya dakika 92 na inafaa jioni ambayo umeme hauaminiki.

Sasa ununue vipi. Ukiweza kupata diski halali, kwa kuagiza Dar ikaja na basi au kupitia ndugu aliyeko Arabuni, angalia namba ya eneo nyuma ya kasha, maana diski ya eneo moja inaweza kukataliwa na deki ya eneo jingine. DVD ya Marekani ni eneo 1, ya Ulaya na Arabuni ni 2, Tanzania tuko 5. Deki nyingi za Kichina zinasoma zote, ila za kampuni kubwa huwa zinagoma. Kwa Blu-ray ni rahisi zaidi: Ulaya, Arabuni na Afrika wote ni B. Diski za 4K hazina ubaguzi huo, lakini zinataka deki yake maalumu.

Wengi wetu, tusidanganyane, tunaishia kwenye flashi. Kijana atakwambia, "Kaka, hii HD kabisa, imetoka juzi." Mwombe aifungue hapohapo, na asikuonyeshe mwanzo bali katikati, sehemu ya usiku. Kopi iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya sinema huumbuka kwenye giza: utaona weusi mtupu na kichwa cha mtu kinapita. Na kama flashi yako iko kwenye mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT32, faili linalozidi GB 4 halitaingia hata flashi iwe na nafasi tele. Ukiibadilisha iwe kwenye mfumo mwingine, NTFS, TV nyingine za zamani hazitaisoma. Suluhisho ni kuomba faili dogo kidogo, si kununua flashi nyingine kama utakavyoshauriwa. Picha ikicheza bila sauti, mara nyingi TV haielewi aina ya sauti iliyomo, kwa hiyo omba nakala nyingine kabla hujaondoka.

Kuhusu zilizotafsiriwa, zile ambazo msimulizi anaongea Kiswahili juu ya filamu: kwa Dominion chukua, msimulizi ataiongezea utamu ambao haina, na kwa ile ya 2015 pia hakuna ubaya. Kwa ya 1993 kataa kabisa. T. rex anapotoka pale uzioni usiku wa mvua hakuna muziki hata kidogo, ni mvua, nyayo, na maji yanayotetemeka ndani ya glasi, na msimulizi hawezi kukaa kimya muda wote huo. Rebirth nayo, kile kipande cha mtoni, itazame kwa sauti yake yenyewe.