Mafungo ya kimya kwa masista, nje kidogo ya Tabora mjini

Wengi mmeniuliza kuhusu haya mafungo, yaani siku za kujitenga kwa sala na kimya, naandika hapa ili kila mtu asome. Ni nyumba ya masista, imezungukwa na miombo, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini. Jina siliweki kwa sababu wenyewe wameniomba: vyumba ni vichache na hawataki watu wafike bila taarifa. Ulizia ofisi ya parokia yako, watakuunganisha.

Mimi ni wakala wa fedha za simu, kibanda changu kipo karibu na stendi. Wenye kazi hii wanajua. Kutwa nzima ni kuweka na kutoa, floti (salio la kufanyia kazi) imekata, mtandao unasumbua, mteja kakosea namba halafu anakufokea wewe. Nyumbani mume wangu anaongea, naitikia "ehee", na nikiulizwa kasema nini sijui. Rozari nilikuwa naisali huku kichwani napiga hesabu za floti. Hicho ndicho kilichonipeleka.

Unapokelewa Ijumaa jioni. Simu inaingia kwenye bahasha, unaandika jina lako juu, sista anaifungia kabatini. Kimya kinaanza baada ya chakula cha usiku na kinaendelea mpaka misa ya Jumapili iishe. Hata chumvi mezani mnaombana kwa ishara. Usiku wa kwanza ni mgumu, mkono unaitafuta simu wenyewe.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba hawakuachi ukae tu. Wanafuata utaratibu wa Wabenedikto, watawa wa Mtakatifu Benedikto, wa tangu karne ya 6, sala na kazi, kila kimoja kwa saa yake. Jumamosi baada ya masifu ya asubuhi na misa nilipewa jembe, nikapangiwa matuta ya mchicha pamoja na sista mmoja mtu mzima sana. Alikuwa anang'oa gugu, anakung'uta udongo kwenye mizizi, analilaza pembeni ya tuta, ndipo anashika lingine. Kengele ilipolia, jembe lake lilikuwa juu. Akalishusha taratibu, akaliweka chini, akanawa mikono, akaondoka. Tuta limebaki nusu. Mimi nikaendelea kulima nimalizie mstari. Akarudi, akanigusa begani, akaninyooshea kidevu upande wa kanisa.

Jamani, kitendo kile kimenifundisha kuliko mahubiri mengi. Miaka yote nimeishi kana kwamba nitasali kazi ikiisha, nitapumzika kazi ikiisha, nitawasikiliza wanangu kazi ikiisha. Na kazi ya uwakala haiishi. Siku hizi saa 1 jioni nafunga kibanda, hata mteja akiwa anakuja kwa mbali. Pesa kidogo inapungua, sikatai, ila mume wangu sasa namsikia.

Mafundisho ya padre yalikuwa mazuri. Alitufundisha kutafiti dhamiri kwa namna ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, yule Mhispania ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichapwa mwaka 1548. Mazoezi kamili huchukua siku kama 30, sisi wenye vibanda tunachukua kipande kinachotutosha: unashukuru, unaomba mwanga, unaipitia siku yako saa kwa saa, unaomba msamaha pale ulipoteleza, unaipanga kesho. Ni robo saa tu kabla ya kulala. Ila kipindi cha Jumamosi mchana kilirefushwa mno. Chini ya bati, na joto la Tabora la mwezi wa kumi, watu walisinzia. Saa ile wangetuacha tulale.

Chakula ni ugali, maharage, mlenda, na asubuhi michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai ya asali ya mizinga yao wenyewe. Asali ile nzito, nyeusi kidogo, mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa. Maji ya kuoga unachota kisimani. Chandarua changu kilikuwa na tundu, nikaomba kingine, nikaletewa palepale. Nililipa Sh 30,000 kwa usiku mmoja, chakula ndani yake.

Jirani yangu Muislamu, muuza khanga, aliponisikia nikisimulia alisema ndiyo raha anayoipata mama yake akikaa itikafu, yaani kujitenga msikitini kwa ibada, kumi la mwisho la Ramadhani. Nikamuulizia kwa masista, wakasema akaribie hata yeye, misa si lazima.

Kama umefiwa juzi, au una huzuni inayokunyima kula na kulala kwa wiki nyingi, usianzie hapa. Kimya kinaweza kukuelemea. Nenda hospitali kwanza, ongea na daktari, mafungo yatakusubiri.

Beba shuka, tochi na kandambili. Kwaresima panajaa mapema, kwa hiyo weka nafasi kabla ya Jumatano ya Majivu.