Kano ya nyonga iliyochanika: tiba ya mikono ilinifaa kwa lipi

Naandika kwa wenzangu tunaogeuza na kunyanyua wagonjwa huku Marekani, maana maumivu ya pembeni ya nyonga tunayo wengi na tunayaita uchovu. Yangu yalikaa kwenye ule mfupa unaojitokeza juu ya paja. Kulalia upande huo haiwezekani, na nikisimama kwa mguu mmoja nivae suruali, kiuno kinashuka upande wa pili. Picha ya MRI ikaonyesha kano ya msuli wa tako, gluteasi midiasi, imechanika kiasi, haijakatika yote. Daktari wa mifupa akasema upasuaji usubiri kwanza.

Ndipo nikaenda kwa D.O., daktari wa osteopathia. Kwa hapa Marekani huyo ni daktari kamili: anaandika dawa, wengine ni wapasuaji. Shule yao ya kwanza aliifungua Andrew Taylor Still huko Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Juu ya udaktari wa kawaida wanafundishwa kutibu kwa mikono.

Nilijiandaa kualishwa viungo. Wapi! Alitafuta kwa kidole pale panapouma kuliko kote, akaunyanyua mguu na kuutanua polepole mpaka nikamwambia hapo hapaumi. Akaushikilia hivyo sekunde 90, kidole kikiwa palepale, mimi nimelegea tu. Kuurudisha ndiko kulikochukua muda, kwani ukirudishwa haraka msuli unakaza upya. Baadaye ikawa zamu yangu: nasukuma goti dhidi ya mkono wake kwa sekunde chache, nalegeza, anasogeza mguu kidogo, tunarudia. Akamalizia mgongo wa chini, uliokuwa umekaza kwa kuchechemea.

Nilitoka nimenyooka. Lakini baada ya zamu ya kesho yake, maumivu yalikuwa yamerudi nusu. Nikamuuliza kama kano itaungana. Akanijibu bila kuzunguka kwamba mikono yake haishoni kano. Inatuliza maumivu ili niweze mazoezi, na mazoezi ndiyo yanayoipa kano nguvu. Akanitajia utafiti wa Australia wa 2018 kwa watu 204 wenye tatizo la kano za tako: baada ya wiki 8, kati ya waliopewa mafunzo na mazoezi, asilimia 77 walisema wamepata nafuu; kati ya waliochomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, asilimia 58; kati ya walioachwa wasubiri, asilimia 29. Osteopathia haikupimwa humo, na ni yeye mwenyewe aliyesema. Hapo nikamwamini.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa nyumbani: mto katikati ya magoti usiku, kuacha kukunja nne, kuacha kusimama nimeegemea mguu mmoja (jaribu hilo kando ya kitanda cha mgonjwa uone), kunyanyua kiuno nikiwa chali.

Lililonikera ni bango la mapokezi, “kano iliyochanika hupona bila kisu.” Daktari wao haahidi hivyo, kwa nini bango liahidi?

Sasa ngazi napanda bila kushika ukuta na upande ule naulalia. Kumnyanyua mgonjwa peke yangu, bado. Nyota nne. Ambaye kano imekatika yote, au aliyeanguka na mguu haubebi uzito, aanze kwa daktari wa mifupa. Na uliza bima mapema: kwenye yangu, tiba hii na fiziotherapia ni mafungu mawili, kila moja na malipo yake.