Jumamosi kumi za anthropolojia pale Ngara

Mimi hukodisha tenti, viti na sufuria huku Kayole, na huu ni mwaka wa kumi na nne. Ruracio ya Wakikuyu na ntheo ya Wakamba, yaani sherehe za mahari, matanga, harusi za kanisani, nikahi za Eastleigh, zote nimezipelekea viti. Binti yangu aliponionyesha tangazo la kozi ya "Utangulizi wa Anthropolojia", yaani elimu ya binadamu na tamaduni zao, vikao kumi vya Jumamosi kwa shilingi 12,000, nilipiga hesabu nikaona ni bei ya viti ishirini vipya. Nikalipa kwa awamu tatu. Sasa nimemaliza, na kwa kuwa kina mama wa chama changu cha kuchangiana pesa kwa zamu wananipigia simu mmoja mmoja kuuliza kama ni kozi ya maana, nimeona heri niandike mara moja wasome wote.

Kozi yenyewe siitaji kwa jina. Mwalimu anaiendesha kwa pesa zake mwenyewe, na kasoro nitakazozisema nimeshamweleza ana kwa ana.

Tulikuwa wanafunzi kumi na saba katika ukumbi wa kupanga, ghorofa ya pili, Ngara, kuanzia saa nane mchana. Kulikuwa na muuguzi, mchungaji, makanga mstaafu, vijana wawili wanaotengeneza video za harusi, na mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu ambaye hakukosa hata kikao kimoja. Vikao viwili vya kwanza vilikuwa vibaya. Mwalimu alisoma kutoka ukutani maandishi ya Kiingereza, ilhali tangazo liliahidi Kiswahili. Tukapewa maana ya utamaduni aliyoitoa Mwingereza Edward Tylor mwaka 1871, kwamba ni jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na mazoea yote ambayo mtu huyapata kwa kuwa mmoja wa jamii. Tukanakili. Makanga akalala.

Kilichookoa siku hiyo ya pili ni mwalimu mstaafu, aliyeinua mkono akauliza neno lenyewe "utamaduni" limetoka wapi. Hapo mwalimu wetu alizima mashine, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu anayeipenda kazi yake. Alisema limetoka kwenye Kiarabu, kwenye shina lile lile lililozaa "madina", yaani mji. Wenyeji wa pwani walipolichukua, walichukua neno lenye mji ndani yake. Akatuonyesha pia "ustaarabu", neno linalombeba Mwarabu tumboni, kana kwamba kuwa mtu mwenye adabu ni kufanana naye. Nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote na sikuwahi kuyasikiliza maneno hayo. Nilitembea hadi stendi ya matatu nikiyarudia.

Hata hivyo nilikuwa karibu kuacha. Kilichonizuia ni kikao cha tatu.

Mwalimu alisukuma viti vyote kando akaniambia, "Mama Mwende, tupangie viti vya ruracio." Nikapanga. Wenyeji upande wa nyumba, wageni upande wa lango, wakitazamana, katikati nafasi ya kupita mtu mmoja. Wazee mstari wa mbele. Meza ndogo ya wasemaji. Kina mama wa pale nyumbani karibu na jiko, lakini si mbali kiasi cha kutosikia. Nilimaliza kwa dakika nne. Akauliza, "Nani alikufundisha?"

Nilisimama pale nikakosa jibu. Hakuna aliyenifundisha. Mimi ni Mkamba wa Makueni, ruracio ni ya Wakikuyu, na hakuna Mkikuyu aliyewahi kunikalisha chini kunieleza. Nilichokumbuka ni mwaka wangu wa kwanza wa biashara, pale Dandora, nilipomwekea mama wa bwana harusi kiti mahali pasipomfaa. Mzee mmoja alikuja, akakiinua, akakihamisha hatua tatu, akaenda zake bila kunena lolote. Sikurudia kosa hilo tena. Niliwasimulia, na mwalimu akasema hicho nilichokieleza ndicho Tylor alichokiita mazoea tunayoyapata kwa kuwa wanajamii. Utamaduni haumo katika damu. Mtoto wa Kikuyu akilelewa Kisumu atapanga viti vya Kisumu. Nilielewa hapo, na nadhani nusu ya darasa ilielewa kupitia viti vile.

Kisha akatuletea Arnold van Gennep, Mfaransa aliyeandika mwaka 1909 kwamba sherehe za kumvusha mtu kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine zina hatua tatu: hutengwa na alikotoka, hukaa kizingitini, halafu huingizwa alikokwenda. Nilitaka kupiga kelele. Kwenye ruracio wageni husimamishwa nje ya lango lililofungwa, kina mama wakaimbiana, na hawaingii mpaka waruhusiwe. Wakishaingia wanakaa upande wao. Na baada ya mazungumzo na chakula, kila mara, bila mtu kuagiza, viti vyangu huvutwa vikachanganyika. Jioni nikija kukusanya, siwezi kujua upande wa nani ulikuwa wapi. Miaka kumi na minne nimekuwa nikilalamikia vijana wangu kwamba wageni wanavuruga mistari. Sasa nikiona viti vimechanganyika najua shughuli imefaulu, na nikikuta vingali vimetazamana wakati wa kufunga tenti, naondoka na wasiwasi kwa ajili ya bibi harusi.

Kikao cha nne kilihusu zawadi na mabadilishano. Tulisoma habari za Bronisław Malinowski, aliyeishi katika visiwa vya Trobriand, Papua Guinea Mpya, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mzunguko unaoitwa kula. Mikufu ya makombe mekundu husafiri kwa mitumbwi kisiwa hadi kisiwa kuelekea upande mmoja, na bangili za makombe kuelekea upande mwingine. Hakuna anayekaa na kimoja milele. Bangili hizo wenyewe huziita mwali, na darasa zima liliguna kusikia neno ambalo kwetu ni msichana aliyewekwa ndani kufundwa. Lugha hizo mbili hazina undugu. Mwalimu alifananisha kula na chama, nami nilimpinga, kwa sababu pesa za chama ukishapokea zamu yako unanunua mabati, hazisafiri tena. Muuguzi akasema kinachosafiri ni deni la kuhudhuria. Mama mmoja wa chama akifiwa, wote tutakuwepo kwake, na hakuna anayethubutu kukosa. Hapo nilikubali.

Makumbusho ya Taifa tulikwenda kikao cha tano. Sitasema mengi kwa kuwa yeyote aliye Nairobi anaweza kwenda mwenyewe. Nendeni mkaone mifupa ya mvulana wa Turkana, mmoja wa watu wa kale, iliyogunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkamba kutoka kwetu Makueni, aliyeanza kazi ya uchimbaji bila shahada yoyote. Mvulana huyo aliishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko wote, kwa ajili ya Kimeu.

Ila ziara ya Olorgesailie, mahali penye mabaki ya watu wa kale katika Bonde la Ufa, ndiyo ya kulipia. Tulikodi matatu, tukapita Rongai na Kiserian, tukateremka nyuma ya milima ya Ngong hadi joto likatukaba. Pale kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, na chini yake mashoka ya mawe yamelala kwa mamia, yameachwa palepale yalipopatikana. Watu wa kale walichonga mashoka ya aina hiyo katika bonde lile kwa mamia ya maelfu ya miaka, na umbo likabadilika kidogo sana. Mimi ambaye kila msimu nalazimika kununua vitambaa vya meza vya rangi mpya la sivyo nikose wateja, nilishikilia ukingo wa mbao nikashindwa kuufikiria muda huo. Halafu mwalimu akatuambia kwamba yapata miaka 300,000 iliyopita mambo pale hubadilika. Vifaa vinakuwa vidogo na vyembamba, mawe meusi ya kioo yanaletwa kutoka makumi ya kilomita, na kunapatikana mawe ya rangi nyekundu yaliyosuguliwa kutoa unga. Watafiti wanaona hapo dalili za watu kujuana na kubadilishana na wenzao wa mbali. Kijana wa video aliuliza unga mwekundu ulikuwa wa kazi gani. Mwalimu alijibu kwamba rangi haibaki kwenye ngozi ya maiti wa miaka hiyo, kwa hiyo hawezi kumjibu. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Sasa kasoro nyingine, maana kozi ina kasoro na pesa ni pesa. Karatasi za kusoma zote ni za Kiingereza kigumu. Makanga, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na macho makali kuliko sote, alikuwa akisomewa na jirani yake. Vikao vilichelewa kuanza kwa nusu saa karibu kila wiki. Na kikao cha sita, kuhusu namna ya kuzitazama desturi za wengine bila kuzihukumu haraka, kilipita juu juu mahali palipohitaji kina. Mwalimu alimsifu sana Jomo Kenyatta, aliyesomea anthropolojia London kwa Malinowski na kuandika mwaka 1938 kitabu kuhusu Wakikuyu. Muuguzi akauliza mbona hakutaja kwamba humo Kenyatta anatetea tohara ya wasichana. Alisema ameshona wasichana hao kwa mikono yake, na kwamba Kenya ina sheria ya kupiga marufuku ukeketaji tangu 2011. Mwalimu alijibu kuwa kuelewa desturi si kuikubali, akaendelea na mada nyingine. Jibu ni la kweli, lakini halikumtosha yule dada, wala mimi. Kikao kizima kilipaswa kuwa hapo.

Alijirekebisha kikao cha nane, cha sheria na mila, kwa kesi ya mwili wa wakili S. M. Otieno. Nilikuwa msichana wa shule na namkumbuka baba akifuatilia kesi hiyo redioni. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa miezi mitano hadi ukoo ukashinda na akazikwa Mei 1987. Mwalimu alitutaka tuangalie nani aliitwa mahakamani kueleza mila ya Wajaluo: wazee, mchimba makaburi, na hata profesa wa falsafa Odera Oruka. Mila ambayo watu waliiishi bila kuisema ililazimika kusemwa mbele ya jaji, na ikishaandikwa kwenye hukumu inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Mchungaji na makanga walibishana hadi mlinzi akaja kufunga mlango.

Nimekiruka kikao cha saba kwa makusudi, cha ndoa na ukoo. Mwalimu alitaja ndoa za mwanamke kwa mwanamke, zinazojulikana kwa Wanandi, Wakisii, Wakamba na wengine. Mke asiyejaliwa mwana hutoa mahari, akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wakawa wa nyumba yake na kubeba jina la mumewe. Kwa Kikamba, alisema, mwanamke aliyeolewa hivyo huitwa iweto. Vijana wa video walicheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikulia kwenye boma lenye nyanya wawili, Susu mkubwa na Susu mdogo, na sisi watoto tuliamini ni dada. Susu mdogo ndiye aliyemzaa baba. Hatukuwahi kuuliza kwa nini jina letu la ukoo ni la mume wa Susu mkubwa, aliyekufa kabla baba hajazaliwa.

Usiku huo nilimpigia mama simu. Nilimuuliza moja kwa moja, "Susu mdogo alikuwa iweto?" Kimya kikawa kirefu, nikasikia jogoo wake wa Makueni akiwika saa isiyo yake. Halafu akasema, "Nani amekufundisha neno hilo huko Nairobi?" Nikamwambia ni darasani, nalipia, na huko wanalisema bila aibu. Akasema nisilipe mtu mwingine, nije na daftari, kwa kuwa yeye anakumbuka hata mbuzi wangapi Susu mkubwa alitoa.

Awamu nyingine ya kozi inaanza Januari. Hiyo Jumamosi ya kwanza tenti zangu zitakuwa na vijana, na mimi nitakuwa Makueni.