Boila Kuukuu, Kuitengeneza au Kuibadilisha: Tathmini ya Huduma ya Fundi wa Gesi, Leicester

Boila iliyokuwa ikipasha joto nyumba yetu hapa Leicester iliwekwa mwaka 1997, kabla ya kanuni za mwaka 2005 za England na Wales zilizotaka boila mpya za gesi, isipokuwa chache, ziwe za aina inayogeuza mvuke wa moshi kuwa maji na kulirudisha joto lake ndani ya nyumba. Yetu ilikuwa na mwali mdogo uliowaka usiku na mchana, na moshi wake ulitoka dohani ukiwa bado wa moto. Novemba iliyopita ilianza kuzimika alfajiri, saa ambayo mama mkwe wangu, mwenye miaka 78, huamka kuswali.

Kampuni ya kwanza tuliyoiita ilimtuma mtu aliyekaa robo saa, asifungue hata mfuniko, kisha akatuachia karatasi ya bei ya pauni 3,400. Sababu yake ilikuwa umri wa boila peke yake. Nililiona jambo hilo kuwa baya, kwa sababu kaya nyingi zenye wazee hutia saini kwa kuogopa baridi.

Fundi wa pili, anayejitegemea, ndiye ninayemsifu hapa. Kabla hajagusa kitu alitoa kitambulisho chake cha Gas Safe Register, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi wanaoruhusiwa kisheria, akakigeuza ili tusome upande wa nyuma aina za kazi alizoruhusiwa kufanya. Alipima moshi, akathibitisha kwamba kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu, haikuwa ya kutisha, kisha akagundua kuwa kilichokufa ni kifaa cha kuhisi mwali. Alikibadilisha kwa pauni 90 na boila ikawaka. Angeweza kunyamaza akauza mpya.

Baada ya hapo alikaa nasi mezani kupiga hesabu. Gesi ya kupashia nyumba na maji hutugharimu karibu pauni 1,000 kwa mwaka. Ikiwa boila ya zamani ilitumia vyema takriban asilimia 70 ya gesi na mpya ingefikia 90, matumizi yangepungua kwa asilimia 22, yaani pauni 220; kwa bei yake ya pauni 2,600, fedha hiyo ingerudi baada ya karibu miaka 12. Kwa hesabu hiyo peke yake hatukuwa na sababu ya kuharakisha. Kilichoamua ni kwamba chemba ya ndani ambamo moto hupasha maji ilikuwa imeanza kuvuja, na kipuri chake hakitengenezwi tena. Alishauri tuvuke majira ya baridi, tubadilishe Aprili. Pampu ya joto, mtambo wa umeme unaovuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani, tuliifikiria pia, kwa kuwa serikali huchangia pauni 7,500 England na Wales, lakini uani kwetu ni finyu na hatuna pa kuweka tangi la maji ya moto.

Kazi ilichukua siku mbili, na nusu ya siku ya kwanza iliishia kwenye kusafisha radieta, yaani paneli za chuma zinazopasha vyumba kwa maji ya moto, ambazo zilitoa maji meusi ya kutu. Aliweka kichungi cha sumaku ili kutu inayobaki isiingie kwenye boila mpya. Lakini jambo lililonifunza zaidi ni joto la maji. Boila ya aina hii hukamua joto la mvuke pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye radieta yanapokuwa chini ya takriban nyuzi 55, na ikiachwa ikipeleka maji ya nyuzi 80, sehemu kubwa ya faida uliyoilipia hutoka nje na moshi. Yeye aliishusha hadi 60, akatuonya kwamba vyumba vitachelewa kupata joto, na kweli huchelewa. Sasa tunaiwasha saa moja mapema, na chumba cha mama hakipoi tena ghafla.

Kasoro moja ipo: bomba linalotoa maji ya mvuke alilipitisha ukutani nje bila kulifunika, na bomba la namna hiyo likiganda, boila husimama. Nilimpigia simu, akarudi kesho yake kulivika sponji bila malipo. Cheti cha kuthibitisha kwamba boila imewekwa kwa kufuata kanuni za ujenzi kilifika kwa posta wiki ya tatu.