Chanjo ya mafua Mtwara bila kadi ya bima: nilivyoipata na nilicholipa

Kwa mwenye haraka: chanjo ya mafua inapatikana Mtwara mjini, ila usitegemee kuikuta kabatini inakusubiri. Inaagizwa kutoka Dar es Salaam, unalipa taslimu, na dozi moja ya mama yangu ilinitoka shilingi 52,000 kila kitu ndani. Niliipata kwenye zahanati moja binafsi. Jina silitaji, lakini huduma yao naisifu, na palipo na kasoro nitasema.

Mama yuko Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, umri umeshavuka sabini na ana pumu ya siku nyingi. Wa kule juu wanaijua Juni na Julai ilivyo. Ukungu hautoki mpaka jua likomae, baridi ya kuvalia sweta, na hiyo hiyo ndiyo miezi ya kupuliza salfa, ule unga wa dawa, kwenye mikorosho. Mwenye kifua kibovu akishikwa na mafua makali majira hayo, anakesha amekaa kitandani maana akilala hapumui. Mwaka juzi tulimlaza. Oksijeni, dawa, vipimo, chakula, nauli za sisi watoto kupishana kumwangalia. Hela ya msimu wa korosho iliishia wodini. Daktari aliyemruhusu alituambia mgonjwa wa namna hii anatakiwa achanjwe mafua kila mwaka, akaandika kwenye karatasi. Inapatikana wapi, hakusema.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu anaendesha bajaji. Bima hatuna.

Nilianzia zahanati ya serikali, maana kichwani mwangu chanjo ni kitu cha bure. Mwaka 2021 tulichanjwa UVIKO-19 bila kutoa senti. Nesi alinielewesha vizuri tu: za bure ni zile zilizo kwenye ratiba, za watoto wachanga, polio, surua, nimonia, ile ya kuhara, pepopunda kwa wajawazito na ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti. Ya mafua haimo. Hakuwa na namna ya kunisaidia zaidi ya hapo.

Nikaingia kwenye mafamasi. Wengi walinielewa vibaya, wananitolea vidonge vya mafua. Famasi moja wakasema ipo, tena kwa nusu bei. Nilifurahi mpaka nilipoomba kuiona. Kijana alifungua friji lililojaa soda na mtindi, akatoa kiboksi kwenye mlango wa friji, pale pale panapopata joto kila mteja akifungua. Kimeandikwa 2024/2025, mwisho wa matumizi mwezi ule ule tuliokuwa nao. "Haijaisha muda, dada, ndiyo maana tumeshusha." Hakudanganya kuhusu tarehe. Lakini usiku uliotangulia umeme ulikatika mtaa mzima (gesi ya Mnazi Bay inachimbwa hapa hapa kwetu, na umeme unatukatikia vilevile), na chanjo hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote. Ikipata joto inapoteza nguvu, ikiganda imeharibika. Kwa macho huwezi kujua. Nikamshukuru, nikatoka.

Hiyo 2024/2025 nayo ina maana yake. Kirusi cha mafua kinajigeuza, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani huchagua upya aina za kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa dunia, Septemba kwa za kusini. Ya kaskazini boksi lake lina miaka miwili iliyounganishwa, ya kusini lina mwaka mmoja. Ile ya kwenye friji la soda, aina zake zilichaguliwa Februari 2024. Wakati huo wa Juni 2025, ya kusini iliyoandikwa 2025 tu ndiyo iliyokuwa mpya.

Aliyenifungulia njia ni jirani yangu, mama mmoja aliyekwenda Hija. Kumbe mahujaji wanajua mambo haya kuliko sisi wote. Saudi Arabia haikupokei bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na wanashauriwa wachanje ya mafua pia kwa sababu ya ule msongamano. Kwa hiyo ukitaka kujua chanjo za kulipia zinapatikana wapi huku kusini, muulize aliyetoka Makka usizunguke na jua.

Zahanati aliyonielekeza wana daftari. Unaandikisha jina, umri, namba ya simu, unaacha nusu ya hela. Majina yakifika kumi wanaagiza. Bei walinivunjia vipande vipande bila kuombwa: chanjo 40,000, kuchoma sindano 4,000, na 8,000 ni sehemu yangu ya usafiri wa boksi, ambayo inashuka kadiri mnavyokuwa wengi. Kadi ya bima hawapokei kwa chanjo hii, ya aina yoyote. Mwenye kadi na asiye nayo tulikaa benchi moja, tukalipa sawa.

Boksi linakuja na basi la alfajiri kutoka Dar, kilomita kama 560, na linafika mchana. Hili ndilo lililokuwa likinitia wasiwasi, basi na joto lile la njiani. Ila walikuwa wazi. Nesi alilifungua mbele yetu: kasha zito la kubebea chanjo, barafu pembeni, kadibodi katikati ili barafu isigusane na dawa, na kipimajoto kidogo kimelala juu. Kilisoma 5. Akamwonyesha kila mtu, hata wasiojua kinasomwaje, kisha akaniruhusu nishike kiboksi cha mama nisome mwenyewe. 2025. Sindano imeshajazwa tayari kiwandani, nusu mililita tu.

Mama aliitazama. "Ndo hii? Nauli ya kutoka Newala imeuma zaidi."

Sasa kasoro. Simu ya kutuita ilipigwa usiku, tuwe pale asubuhi inayofuata. Mtu yuko Newala! Nilimtafutia mama gari ya usiku ule ule, wakati friji lao ni zima na lina jenereta, wangeweza kabisa kutupa siku mbili tatu. Pili, walituweka benchi moja na wagonjwa wa siku ile, watu wanakohoa kulia na kushoto, na sisi tumewaleta wazee kukwepa hicho hicho. Tatu, maswali. Kama mama ana homa, kama amewahi kudhurika na chanjo yoyote, anatumia dawa gani: yote hayo yaliulizwa baada ya mimi kutaja pumu, na kwa walionitangulia sikusikia yakiulizwa. Risiti nayo mpaka uidai.

Kuna mzazi alikuja na mtoto wa miaka minne akaambiwa kuwa mtoto wa chini ya miaka 9 akichanjwa mafua mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, ya pili baada ya wiki nne au zaidi. Akapiga hesabu mara mbili, akamchukua mwanawe akaondoka. Hilo lingesemwa siku ya kuandikisha jina, wasingemtia gharama ya kuja.

Mama mkono ulimuuma jioni ile, akalala mapema. Kesho yake alikuwa anauliza gari la kurudi. Tuliambiwa kinga inachukua kama wiki mbili kukomaa, kwa hiyo nikamsihi asiende msibani wala kwenye ngoma kwa kipindi hicho. Alikwenda msibani.

Agosti alipata mafua mepesi, ya kupenga na kupiga chafya. Wapo waliomcheka kwamba hela imeliwa. Chanjo hii ni ya homa ya mafua yenyewe, ile inayolaza watu, haizuii kila kamasi, na nesi alikuwa ameshatuambia. Siwezi kuapa kwamba bila chanjo angelazwa tena. Ninachojua ni kwamba msimu wa salfa umepita na hatukwenda wodini, na 52,000 nikiilinganisha na bili ya mwaka juzi haifiki hata robo.

Mimi mwenyewe sikuchanja. Nesi alisema wanaoishi na mgonjwa nao wangechanja ingefaa, lakini mfuko una mwisho wake. Kama hela ni ya mtu mmoja, nampa mzee, au mjamzito, au mwenye kifua, kisukari au moyo. Kijana mzima asubiri.

Mwakani nitaandikisha jina mapema, kuanzia Aprili, kabla baridi haijaanza. Mama ameshanipigia na majina ya wenzake wanne wa kijijini wanaotaka. Nimewauliza zahanati: wakifika kumi, nesi yuko tayari kupanda na kasha mpaka Newala, tumlipie nauli na chakula cha mchana. Tumebakiza watano.