Kliniki ya sukari hapa Tabora: walipima asali ya kidoleni, wakaandika kuwa ni damu yangu

19.4. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki kwa wino wa bluu, na mpaka leo nikiiona roho inanipanda. Wenye sukari wenzangu mnajua uzito wake. Asubuhi kabla ya kula, mtu anayeisimamia sukari yake vizuri anatakiwa awe kati ya 4 na 7. Ukisoma 19 hujala kitu, hata jirani yako kwenye benchi anasogea pembeni akuangalie vizuri.

Na mimi sikuwa nimekula. Tangu saa mbili usiku sikutia kitu mdomoni isipokuwa maji. Nilitoka Ng'ambo kwa miguu, maana ndiyo mazoezi niliyoambiwa, nikakaa kwenye foleni mpaka nikaitwa. Nesi kijana, umri wa kitinda mimba wangu, akanifuta kidole kwa pamba ya spiriti, akachoma, akagusisha tone kwenye kijiti, akatazama. Halafu akapaza sauti, "Mama, wewe si ndiye unayeuza asali sokoni? Unailamba mwenyewe, halafu unakuja kutusumbua hapa!"

Benchi zima likageuka. Kulikuwa na wateja wangu pale. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye huitikia shikamoo yangu kila Ijumaa akitoka msikitini, akainamisha kichwa kwa aibu ambayo ilikuwa yangu.

Nikamwambia, "Mwanangu, sijala. Na daftari langu hili hapa." Mwanangu wa Dar alininunulia kipimo cha nyumbani, kwa hiyo mara mbili kwa wiki napima na kuandika. Zilikuwa 6.8, 7.1, 6.4, 6.9, wiki kwa wiki. Hakulifungua. Akasema vipimo vya dukani havina maana, akaandika 19.4, akanionyesha mlango wa daktari. Daktari naye, foleni ikiwa ndefu vile, aliangalia kadi kuliko alivyoniangalia mimi. Akaniongezea kidonge cha glibenklamaidi juu ya metafomini, dawa ya sukari niliyokuwa nakunywa. Dakika tatu, nimetoka.

Nikianza kutoa nyota hapa, nitasema moja, na hiyo moja ni ya mfagizi, kwa sababu mabenchi yalikuwa safi.

Lakini ngoja. Itakuwa dhambi nikisema kliniki nzima ni mbaya, kwa sababu kila ninachokijua kuhusu kula na kutembea nilikipata humohumo, kwenye chumba cha mwisho, kwa nesi mmoja mtu mzima anayefundisha lishe. Huyo ningempa nyota zote walizonazo. Siku ya kwanza hakunipa karatasi ya vyakula vya watu wa mbali. Alikuja na sahani ya bati, akachora mistari ndani yake kwa chaki. Nusu ni mboga za majani, robo ni maharage au samaki au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali au viazi. Akaniuliza mimi nakula nini hasa, si ninachotakiwa kusema nakula. Nikamwambia kweli: ugali na mlenda, usiku, na asubuhi chai ya sukari na matobolwa.

Akacheka kidogo akasema, "Mlenda hauna kosa, mama. Kosa ni kwamba mlenda unateleza, tonge linashuka hujalihesabu." Jamani, huo ndio ulikuwa ukweli wa maisha yangu. Ugali wa mlenda nilikuwa namaliza mlima, nikiamini nimekula mboga. Akanifundisha kupika mlenda mzito na majani ya kunde ya karanga pembeni, ugali wa dona badala ya sembe, na ugali wenyewe usizidi ngumi yangu. Ngumi yangu, si ya mume wangu. Matobolwa akasema ni viazi vitamu vilivyokaushwa, maji yametoka lakini wanga umebaki wote. Kwa hiyo vipande vichache mkononi ni kama kiazi kizima. Hilo sikuwahi kulifikiria, na nimekula matobolwa tangu utoto wangu kwa bibi huko njia ya Sikonge.

Kutembea akanipa hesabu rahisi: dakika 150 kwa wiki, zigawanywe, na zisipite siku mbili mfululizo bila kutembea. Akaeleza kwamba msuli unaofanya kazi unaivuta sukari kutoka kwenye damu, na unaendelea kuivuta saa nyingi baada ya wewe kukaa. Ndiyo maana nusu saa baada ya chakula cha jioni inafaa kuliko kulala. Nikaanza. Natoka nyumbani, naelekea upande wa Stesheni chini ya miembe, nageuka, narudi. Raba miguuni, si kandambili, maana alinionya kuhusu miguu: mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asisikie, kwa hiyo kila usiku nakagua nyayo na kati ya vidole. Wiki ya tatu nikaacha kuamka usiku mara nne kwenda chooni. Suti niliyoshona kwenye harusi ya mpwa wangu ikaanza kunilegea. Namba zikashuka taratibu, 11, 9, 8, mpaka zikafika kwenye 6 na 7. Miezi ya jasho hiyo.

Na asali? Sikulamba. Nauza asali ya misitu ya Sikonge na Urambo, nachuja mwenyewe, nafungasha mwenyewe, na kila siku kuna mteja anayeniambia, "Hii ya asili haina madhara kwa sukari, si ndiyo?" Namjibu hapana. Asali ni sukari, nyingi yake ni glukosi na fruktosi, inapandisha kama kawaida. Nimepoteza wateja kwa kusema hivyo. Mtu anayewaambia wateja wake kweli hiyo, halafu anasimamishwa mbele ya watu kuitwa mlambaji! Hapana. Hapo ndipo panaponiuma kuliko sindano zote.

Basi nikanywa dawa mpya kama nilivyoandikiwa. Siku ya tatu, nafikiri ilikuwa saa kumi jioni, niko kwenye meza yangu sokoni, nikaanza kutokwa na jasho la baridi. Mikono ikatetemeka. Moyo ukaenda mbio. Mama wa karanga anayekaa jirani yangu akasema, "Wewe una malaria, shoga yangu, nenda ukapime." Nikataka kumjibu, ulimi ukawa mzito kama wa mlevi. Mchana nilikula robo yangu ya ugali na mboga, nikatembea kama ninavyotembea, lakini sasa kuna kidonge ambacho kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini ya kuishusha sukari, uwe umekula sana au kidogo. Nesi wa lishe aliwahi kutufundisha dalili hizi: sukari ikishuka chini ya 4, usisubiri, tia sukari ya haraka mwilini, kama gramu 15, kaa dakika 15, upime tena.

Sukari ya haraka ilikuwa mbele yangu, madumu kwa madumu. Nikachota kijiko kikubwa cha asali, nusu ikaingia mdomoni, nusu ikamwagika vidoleni kwa kutetemeka. Nikachota kingine. Nikakaa chini kwenye gunia. Mama wa karanga akanishika bega, hakuniacha.

Polepole dunia ikarudi. Nikatoa kipimo kwenye pochi, nikachoma kidole. 14.2. Nikashangaa. Vijiko viwili tu, kutoka kwenye kuzimia mpaka 14? Nikatazama kidole. Kinang'aa. Kinanata. Nikamwambia mama wa karanga animwagie maji ya birika, nikanawa kwa sabuni, nikajifuta kwa khanga safi, nikachoma kidole kingine cha mkono uleule.

4.6.

Nilikaa pale nikilia, na mwenzangu akadhani bado naumwa. Nilikuwa nimeikumbuka asubuhi ya kliniki. Kabla sijatoka nyumbani alikuja mteja wa kuwahi gari, akataka dumu la lita tano. Nilimjazia, nikafunga kifuniko, nikajifuta kwa kitambaa, nikaondoka mbio. Ile asali ilikuwa kidoleni! Yule kijana alikamua damu ikapita juu ya asali, akaipima asali ya Sikonge, akaandika jina langu.

Nimeuliza na nimeambiwa: spiriti peke yake haitoshi kuondoa sukari iliyoganda kwenye ngozi. Ni maji na sabuni, kisha mkono ukauke. Ukimenya embe, ukishika asali, ukipanga miwa, unanawa kwanza. Na kama maji hayapo, lile tone la kwanza unalifuta, unapima la pili. Kitu chepesi namna hiyo! Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni. Hapa Tabora msimu wa maembe, mtoto mpaka mzee vidole vinanata kuanzia asubuhi, na hakuna hata mtu mmoja anayeuliza, "Mama, umenawa?" Wangapi wamepandishiwa dawa kwa ajili ya embe? Mimi nilikuwa na sukari mbele yangu. Mtu ambaye angeshikwa na hali ile shambani, peke yake, angefanyaje?

Kwa hiyo narudi palepale: nyota moja. Au hata hiyo naiondoa.

Siku ya kliniki iliyofuata nilikwenda moja kwa moja chumba cha mwisho. Nikamweleza nesi wa lishe yote. Hakunikatiza, hakutetea mtu. Alinawisha mikono yangu yeye mwenyewe kwenye beseni, akapima: 6.7. Kisha akaniomba nichovye kidole kwenye chupa yangu ya mfano, akakifuta kwa spiriti, akapima mbele ya nesi yule kijana aliyemwita aje atazame. Ilipanda mpaka kule kwa juu. Kijana akanyamaza. Daktari aliitwa, safari hii akalifungua daftari langu, ukurasa kwa ukurasa, akaiondoa glibenklamaidi, akaniacha na metafomini na mwendo wangu. Akaniandikia pia kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, ambacho asali ya kidoleni haiwezi kukidanganya. Kumbe kipo. Kwa nini hakikuwepo siku ile kabla ya kuniongezea dawa, sijajibiwa.

Sasa mlangoni pana ndoo. Nimeiona kwa macho yangu, na sabuni imefungwa kwa kamba isiibiwe. Mzee wa Ijumaa ananawa mbele yangu siku hizi, kisha ananiachia bomba likiwa wazi. Kwa ajili ya ndoo hiyo na kwa ajili ya yule mama wa chumba cha mwisho, nawaambia mwende. Mwende, wenye sukari wenzangu, msikae nyumbani na majani ya kuchemsha. Mwende na daftari zenu, na kama mlikuwa mmeanzishiwa dawa msiziache kwa sababu ya hadithi yangu, ila mkiona namba isiyofanana na mwili wenu, ombeni kunawa na kupimwa upya kabla hamjanyanyuka kwenye kiti. Nyota tatu, basi. Zote kwa lishe.

Lakini samahani bado sijaipata. Yule kijana siku hizi ananiamkia vizuri, "Shikamoo mama," anashika mkono wangu taratibu, anauliza kama nimenawa. Nilimwambia, "Mwanangu, uliniambia yale maneno mbele ya watu, basi na haya ya sasa yaseme mbele ya watu." Akatazama chini. Nikamwomba angalau aifute ile 19.4. Akasema kadi haifutwi, ni kumbukumbu ya serikali.

Sawa, isifutwe. Iandikwe pembeni yake kwamba mkono haukunawishwa. Narudi kliniki mwezi ujao na kadi hiyohiyo, na kalamu nitakuja nayo mimi.