Tahadhari: Muuzaji wa santuri katika soko la Saint-Ouen

Ndugu zangu wapenzi wa santuri mnaoishi Paris au mnaopita huku, nawaandikia kwa hasira na kwa aibu kubwa, maana Jumamosi iliyopita nimeibiwa euro 60 mchana kweupe, nimesimama natazama.

Mnajua nimeitafuta kwa muda gani ile albamu ya kwanza ya Nouvelle Vague, bendi ya Kifaransa inayoimba upya nyimbo za wengine, ya mwaka 2004. Nilipoiona kwenye meza ya muuzaji mmoja wa soko la mitumba la Saint-Ouen, moyo ulinienda mbio. Aliitoa santuri kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye mwanga nione kwamba haina mchubuko, akaiweka kwenye gramafoni na kunivisha vipokea sauti. Nikausikia ule wimbo wa bendi ya Kiingereza Joy Division wa mwaka 1980, wimbo wa majonzi, sasa ukiimbwa na mwanamke kwa sauti laini juu ya gitaa la bossa nova, muziki laini wa Brazili, kana kwamba ulirekodiwa Rio enzi za wazee wetu. Nilifumba macho, na nilipoyafumbua nilikuwa tayari nimeshika pochi.

Nilimwamini kwa sababu alizungumza kama mtu aliyeishi na muziki huo. Aliwajua waanzilishi wa Nouvelle Vague, Marc Collin na Olivier Libaux. Alinieleza kwamba jina lao kwa Kifaransa ni wimbi jipya na bossa nova kwa Kireno ni mtindo mpya. Na alipotaja kifo cha Libaux mwaka 2021, sauti yake ilishuka. Mtu wa namna hiyo ningemshuku vipi?

Nyumbani nilifungua jalada lile lile, nikakuta ndani santuri ya bendi ya jeshi, iliyochakaa hata sindano inaruka. Jumapili nilirudi sokoni, meza haipo, na majirani zake wanadai hawamfahamu.

Sasa ndipo nakumbuka kwamba alinipa mgongo alipokuwa akiifunga, akazungusha selotepu pande zote, akakataa kadi na hakunipa risiti. Someni lebo ya santuri yenyewe kabla ya kulipa. Mtu huyu hastahili onyo tu: afukuzwe sokoni, arudishe fedha za kila aliyemdhulumu, kisha ashtakiwe kama mwizi mwingine yeyote. Nimekwisha kuripoti polisi. Yeyote aliyeuziwa hivyo aniandikie leo, tupeleke malalamiko pamoja.